Nyumbani Siyo kwa Misiba Tu

 Tuanze kwa kukiri kosa.

Sisi tuliozaliwa miaka ya themanini tulikua tukitamani kuondoka. Kigoma ni mwisho wa reli, na kwa akili zetu za ujana mwisho wa reli ulikuwa mwisho wa dunia. Wageni walikuja Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tuliwaonea wivu, kwa sababu wao walikuwa na safari ya kuondoka. Zamu yetu ilipofika tulipanda behewa la daraja la tatu na kikapu cha migebuka mikavu, wala hatukugeuka nyuma.

Wengine wetu tunaishi mjini kwa kukagua hesabu za watu. Juzi tulikaa tukakagua zetu wenyewe: kila safari ya kwenda nyumbani tangu tulipoanza kazi. Karibu zote zilikuwa za misiba. Tunafika, tunazika, tunagawana vyombo vya marehemu, kesho yake tunatafuta tiketi.

Safari ya mwisho, matanga yalipokwisha, tulibaki wiki nzima. Ilikuwa giza la mwezi. Jioni tulikaa Kibirizi tukitazama taa za wavuvi wa dagaa zikiwaka ziwani moja moja. Tulijaribu kuzihesabu kama tulivyofanya utotoni, tukapoteza hesabu. Asubuhi mitumbwi ilirudi, na pale mwaloni tukasalimiwa kwa majina ya baba zetu. Mjini tuna miaka ishirini, na jirani bado anatujua kwa namba ya gari.

Tulisikia pia habari za mwaka 2024, uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wapo walionung'unika, na haki walikuwa nayo, maana ada za watoto hazisimami. Lakini nyavu zilikaa juu. Katika kazi yetu hilo lina jina: kulinda mtaji. Mtaji ni ziwa, na waliobeba gharama ya kulilinda ni wale waliobaki. Sisi tuliodhani tumewazidi maendeleo hatukubeba chochote.

Jambo moja lilituuma zaidi. Wapo kina mama ambao bado wanaanika dagaa mchangani, kama mama zetu walivyofanya. Mvua ikinyesha wanakimbia kukusanya, na wakichelewa dagaa wanaoza. Waliopona wana mchanga, na bei inashuka. Nasi huku Dar es Salaam tukiwanunua tunalalamika kwamba wana mchanga! Tumesahau kwamba ada zetu za shule zilitoka kwenye mchanga huo huo.

Dawa yake inajulikana: chanja. Ni nguzo, wavu wa kuanikia, na turubai la kufunika mvua inapokuja. Dagaa wa chanjani hukauka haraka, huwa safi, na mnunuzi hawezi kuwashusha bei kwa kisingizio cha mchanga. Ndiyo maana mwaka huu tunaomba mchango wenu uende kwenye chanja za mwaloni. Kila shilingi itaandikwa, na mapato na matumizi yatasomwa hadharani, huku mjini na kule mwaloni.

Ombi la pili halina gharama ya harambee. Kila mmoja wetu aende nyumbani mara moja kabla ya mwaka kwisha, bila kusubiri simu ya msiba. Aende na watoto, wale kuhe na ugali wa muhogo, wajue shangazi zao wakiwa hai.

Fomu za ahadi ziko mezani. Sisi tumeshajaza zetu.