Njia Iingiayo Msituni

Leo twataka kutembea pamoja nanyi, hata kama mmeketi nyumbani kando ya moto. Twaingia Msitu wa Kakamega kwa upande wa kusini, pale Isecheno, tukiifuata njia nyembamba iendayo kilima cha Lirhanda. Hatua chache tu, na jua limetoweka. Juu yetu mbega wanaruka kutoka tawi hadi tawi. Ndege wa humu ni zaidi ya aina 300, na msitu wenyewe ni ncha ya mashariki ya ile misitu mikubwa ya Kongo. Huko Lirhanda liko shimo la watafuta dhahabu wa miaka ya 1930. Leo wenyeji wa shimo ni popo.

Msitu huu uliwekwa chini ya ulinzi mwaka 1933, na mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu, ukafanywa hifadhi ya taifa. Lakini njia hii si ya watalii peke yao. Mgeni apita na kamera shingoni. Mama wa Shinyalu apita na mzigo wa kuni kichwani. Mmoja atazama, mwingine ana watoto wanaongoja ugali. Hatuthubutu kumhukumu mama huyo. Sisi tunaosifu msitu tukiwa tumeshiba, chakula chetu kilipikwa kwa nini?

Hebu tusimame kwenye mwiritsa. Gome lake ni dawa, nalo hununuliwa hata Ulaya kwa ugonjwa wa tezi dume unaowasumbua wazee. Ukibandua upande mmoja, mti waweza kupona. Ukilizungusha panga shina zima, mti hufa umesimama. Na mara nyingi hauawi na mtu mmoja. Huyu achukua kidogo, jirani naye kidogo, hata duara limekamilika. Tangu mwaka 1995 biashara ya gome hilo kati ya nchi na nchi yahitaji kibali, lakini panga la usiku haliombi kibali.

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima twakujua sana hapa kwetu, mpaka ukingoni kabisa mwa msitu.

Basi siku mtakapopita njia hiyo, mwombeni mwongozaji awaonyeshe mwiritsa wenye kovu. Upapaseni kwa mkono kuzunguka shina, mwone kama gome limebaki upande wowote.