Mkanda mweusi hauzuii panga: maneno yetu kwa vijana wa Lubunga

Tunaona wengine wamevuka na pirogi kutoka Makiso na Mangobo, na jua kama hili. Hatutasema murefu.

Swali mulilotuandikia ni moja, ila lilikuja mara mingi: kijana wa Lubunga aingie wapi? Karate, judo, ao hii MMA tunayoangalia sisi wote kwenye telefone? Wengine wanauliza juu ya mwili, wanataka nguvu na pumzi. Lakini wengi wanauliza juu ya kitu kingine, na hatutazunguka: wanauliza juu ya barabara ya usiku, juu ya bakuluna, na juu ya ile tuliyoona tangu 2023, wakati mapigano kati ya ndugu zetu Mbole na Lengola yaliingia mpaka ndani ya komini yetu, watu wakakimbilia ng'ambo na kuwa badeplase katika mji wao wenyewe. Mtu aliyepita pale hatafuti mkanda juu ya picha ya Facebook. Anatafuta kujua kama siku ingine atabaki mzima.

Basi tuseme kweli. Na sisi tuko na wakati wa kuifikiri, maana tumemaliza iniversite, diploma iko ndani ya sashe juu ya kabati, na asubuhi zetu ni bure.

Kwanza, huu ugomvi wa «MMA na sanaa za zamani» umepangwa vibaya. Munajua MMA ilianza namna gani? Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver kule Marekani, waliweka wapiganaji 8 wa mitindo mbalimbali wapigane usiku mumoja, waone nani atabaki. Alibaki Royce Gracie wa Brazili, mtu mwembamba, si yule wa misuli mingi. Alishika wenzake, akawaangusha, akawakaba mpaka wakagonga mkono chini. Alikuwa anacheza nini? Jiu-jitsu ya familia yake. Na hiyo familia iliitoa wapi? Kwa Mitsuyo Maeda, Mujapani mwenye judo aliyefika Brazili mwanzo wa karne ya 20. Na judo yenyewe ilianzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Kumbe kitu kilichoshinda usiku ule ni mjukuu wa judo. Karate nayo haikukosa nafasi: Lyoto Machida, mtoto wa karate ya Shotokan, alikuwa bingwa wa UFC mwaka 2009. MMA ni sokoni. Kila mtu anakuja na muhogo wake, na soko linaonyesha ni muhogo wa nani unaoza.

Kwa hiyo musiulize jina la mchezo. Ulizeni hivi: katika klebu hiyo, mwenzako anakatala?

Tueleze. Kuna klebu mwalimu anasimama mbele, mwanafunzi anarusha ngumi moja, anaacha mkono hewani kama nguo kwenye kamba, mwalimu anaushika, anaukunja, mwanafunzi anaanguka vizuri. Watu wanapiga makofi. Ni vizuri kwa macho. Lakini yule mwanafunzi amekubali kuanguka. Kule barabarani hakuna mtu atakuachia mkono hewani. Mwaka 2017, kule Chengdu nchini China, Xu Xiaodong wa MMA alikutana na Wei Lei, mwalimu wa tai chi mwenye sifa kubwa. Haikufika nusu dakika, mwalimu alikuwa chini. Si kwamba alikuwa mtu mubaya ao muvivu. Miaka yote alifanya kazi na watu waliomkubalia.

Na sisi watu wa Kisangani, kati ya watu wote wa dunia, hatungepaswa kufundishwa jambo hili na Wachina. Mwulize babu yako. Mwaka 1964, tarehe 5 Agosti, Basimba waliuchukua mji huu, wakati ule bado Stanleyville. Walikuwa na dawa. Walichanjwa, walinyunyiziwa maji, wakaenda mbele wakilia «Mai Mulele» wakijua risasi itageuka maji. Na tusiwacheke, maana dawa ile ilifanya kazi! Ilifanya kazi kwa sababu askari wa serikali waliokuwa mbele yao nao waliiamini. Waliona watu wanakuja bila kuogopa, wakatupa bunduki, wakakimbia. Dawa ilikuwa na nguvu kwa muda ambao adui anakubali. Halafu walikuja watu wasioiamini: mamluki kwanza, kisha tarehe 24 Novemba maparashiti wa Ubelgiji, asubuhi, kutoka angani.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo inatushika sisi hasa. Dawa ile ilikuwa na masharti: usiangalie nyuma, usiguse mwanamke, usile hiki, usisalimie yule. Simba akifa kwa risasi, watu hawakusema dawa ni uongo. Walisema: alivunja sharti. Dawa haikuwa na njia ya kushindwa, kosa lilikuwa la maiti kila mara. Bandugu, hamujasikia maneno hayo ndani ya klebu fulani? «Mbinu ni kamili, wewe njo hukuifanya sawasawa.» «Mbinu hii ni hatari sana, hatuwezi kuijaribu hapa.» Ukisikia hivyo, vaa viatu vyako. Mchezo ambao hauwezi kukuonyesha kwamba umekosa, hauwezi kukufundisha.

Judo ya kweli, boksi ya kweli, mieleka, karate ya wale wanaogusana, MMA: zote ziko na saa ya kukataliwa. Wajudo wanaiita randori. Unamshika mwenzako, unataka kumwangusha, naye anataka kukuangusha, na hakuna anayekuhurumia. Unarudi nyumbani na vumbi masikioni, lakini unajua kitu. Kijana mwenye miezi sita ya randori anajua zaidi ya mwenye miaka kumi ya kukata upepo. Hayo ni maoni yetu, na wenye kimono walioketi hapa mbele wanaweza kukasirika, tutazungumza kisha.

Tuna mfano wetu wenyewe, na inatuuma kuona vijana mingi hapa wanajua majina yote ya UFC na hawamjui huyu. Popole Misenga. Alizaliwa Bukavu. Alipokuwa na miaka 9 alikimbia vita hapa hapa Kisangani, akapotezana na jamaa yake, akakaa siku 8 porini mpaka watu walipomwokota na kumpeleka Kinshasa. Katika kituo cha watoto waliopoteza makao njo alipokutana na judo. Alipanda mpaka timu ya taifa. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akishindwa mashindano alifungiwa, anapewa kahawa na mkate tu. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia pamoja na Yolande Mabika, dada yetu mwingine wa Bukavu, na wote wawili wakaamua kubaki kule kama wakimbizi. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, waliingia na timu ya kwanza ya wakimbizi. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, bingwa wa dunia wa 2015. Yolande alishindwa pambano lake la kwanza. Hawakurudi na medali. Lakini angalieni judo ilimfanyia nini mtoto wa miaka 9 aliyetoka porini: ilimpa mahali pa kwenda kila jioni, mwalimu anayejua jina lake, na mwili unaomtii. Vita haikuzuiwa na judo. Kitu kilichokuja kisha ya vita njo kilichukuliwa na judo. Kule Goma pia, tangu 2014, UNICEF na wenzake walileta capoeira kwa watoto waliotoka katika vikundi vya silaha, na sababu ilikuwa hiyo hiyo.

Tupite haraka juu ya mambo ya mwili, maana hapa hakuna ugomvi. Shirika la Afya Duniani linaomba dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki kwa mtu mzima. Mwenye toleka anayebeba mifuko ya muhogo mpaka bitini tayari amezipita kabla ya Jumanne. Kwa pumzi, mchezo wowote unaokutoa jasho mara tatu kwa wiki unatosha, ata mbio za bure kwenye reli ya kwenda Ubundu. Karate ya kata, ile ya kucheza peke yako, ni nzuri kwa mgongo, kwa miguu, kwa kutulia, na mama zetu wanaweza kuifanya. Hatuitukani. Tunakataa tu kuiita silaha.

Jambo moja tu tunawaomba juu ya MMA na boksi: kichwa. Wale munaowaona kwenye telefone wako na dokta pembeni ya uzio. Hapa, ukigongwa kichwa saa mbili ya usiku na ukaanza kutapika, hospitali kubwa za mji ziko ng'ambo, daraja hakuna, na pirogi unaijua. Kwa hiyo gongeni mwili, shikaneni, angushaneni, lakini kichwa mukiache kwa siku za kofia na mwalimu anayejua kusimamisha. Na bila tatami munaweza kuweka unga wa mbao chini na bashi juu. Haipendezi, lakini shingo haivunjiki. Kitu cha kwanza judo inafundisha ni kuanguka, na tuseme kweli, hiki njo mutakitumia zaidi katika maisha yenu. Kati yetu hapa, ni wangapi wamepigana na kuluna, na ni wangapi wameanguka na moto?

Sasa panga.

Hakuna. Tunarudia kwa wale wa nyuma: hakuna mchezo, wa zamani ao wa sasa, unaokufanya ushinde panga kwa mikono mitupu. Anayekuuzia somo hilo anakuuzia dawa ya 1964. Bingwa wa MMA akiona panga anakimbia, na anakimbia vizuri kwa sababu ana pumzi. Telefone itolewe. Feza itolewe. Mchezo unakusaidia kwa yule anayekukamata mkono, anayekusukuma ukutani, anayekukalia juu. Kwa dada zetu hili si jambo dogo, na kwa hiyo tunasema waanze na michezo ya kushikana: judo, jiu-jitsu, mieleka. Kujua kutoka chini ya mtu mzito ni kitu kinachojifunza, na kinajaribiwa kila jioni na mtu mzito wa kweli. Kwa panga la usiku, jibu liko katika taa, katika polisi anayelipwa na anayefika, na katika kutembea wengi. Hizo ni kazi za serikali, na hatutaziachilia kwa sababu tumejifunza mateke.

Na tumalizie na jambo ambalo njo lilitufanya tuitishe mkutano huu. Kampanye ikikaribia, kuna watu wanaanza kuja kwenye klebu. Wanaleta kimono mpya, maji ya sashe, T-shati. Wanauliza nani ana mwili, nani anajua kupiga. Kisha unamwona kijana uliyecheza naye randori amesimama mbele ya gari la mkubwa, anasukuma watu wa katié yake mwenyewe kwa feza ya bia mbili. Na katika komini iliyotoka katika damu ya ndugu na ndugu, kijana aliyefundishwa kupiga na kukodishwa na mtu ni kiberiti. Sisi hatutakubali klebu yoyote tunayocheza ndani yake itoe walinzi wa chama, chama chochote, ata kile ambacho baba yako anakipenda. Walimu watatu wa hapa tayari wamekubali kuliandika ukutani. Wengine wanasema watafikiri. Tunawajua, tutawarudilia.

Klebu ambazo tumetembelea na kuona wanacheza kweli, na Mbole na Lengola wanashikana mkanda bila kuulizana jina la kijiji, tutawaonyesha kwa mkono hapa inje, hatutaziandika, musiende wote siku moja mukawatisha watu. Mbio ni Jumamosi saa kumi na mbili ya asubuhi, kwenye reli. Barua juu ya taa za barabara iko kwenye meza, bado kurasa mbili hazina sahihi. Mwenye bic asikimbie nayo.