Mjusi wa Pemba na Jina Lake

Leo twapenda kunena habari za mjusi mmoja wa kisiwa cha Pemba, ambaye yamkini wengi wenu mlimpiga mawe utotoni, kama sisi tulivyompiga.

Mjusi kafiri mwamjua. Hutoka usiku kutani karibu na taa, na watu wa pwani humwua kwa sababu ya masimulizi kwamba aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu. Lakini huyu wetu ni mwingine kabisa. Rangi yake ni kijani kama jani bichi la mgomba, naye huota jua mchana juu ya minazi. Mboni ya jicho lake ni mviringo, wala si kama ufa. Hana kope za kufumba, basi hulisafisha jicho kwa ulimi. Hula wadudu, tena hulamba maji matamu ya maua. Walakini jiwe la kafiri humwangukia yeye pia, kwa kuwa sisi twawaita wote mjusi.

Wataalamu wana desturi yao ya majina, waliyoipata kwa Linnaeus wa Uswidi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho mwanzo wa majina ya wanyama. Jina la ukoo hutangulia, la mwenyewe hufuata. Ukoo wa mjusi huyu ni Phelsuma, jina lililotolewa na Mwingereza Gray mwaka 1825 kumheshimu van Phelsum, tabibu wa Kiholanzi. Jamaa zake wengi wako Bukini, yaani Madagaska.

Mwaka 1941 Arthur Loveridge, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliandika habari zake akamwita Phelsuma madagascariensis parkeri. Parker alikuwa mtaalamu wa nyumba ya makumbusho ya London. Angalieni neno la kati: maana yake mjusi wa Pemba alihesabiwa kuwa tawi tu la yule wa Bukini, kama mgeni aliyehamia. Baadaye wataalamu waliliondoa neno hilo, akabaki Phelsuma parkeri, mwenye kwao Pemba. Neno moja lilifutwa, na kisiwa kikapata mnyama wake.

Huko Unguja na mrima yuko ndugu yake, Phelsuma dubia. Kwa Kilatini dubia ni mwenye shaka. Masikini, jina gani hilo!

Katika maandishi yale yale ya 1941, Loveridge aliwapa chura mmoja na mjusi mdogo wa Pemba jina la Pakenham, mtumishi wa Serikali ya Unguja aliyependa elimu ya wanyama.

Tulipowafundisha vijana wetu haya, mmoja aliuliza, “Mwalimu, na wazee wetu walimwitaje kabla ya Wazungu hao?” Tukawatuma vijijini wakaulize. Walirudi Jumatatu. Wengi waliambiwa, “Mjusi.” Wawili waliambiwa, “Kafiri.” Mmoja alikuja na mjusi mwenyewe amefungwa katika jani la mgomba, kijani juu ya kijani, mzima, tukamrudisha mnazini.