Lori Moja, Jasho la Wengi



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, naomba niseme machache juu ya magari. Marekani kila watu 1,000 wana magari zaidi ya 800. Gari likipinduka, mara nyingi hasara ni ya nyumba moja. Kwetu Tanzania, ukiacha pikipiki, magari hayafiki 100 kwa hesabu hiyo hiyo. Lori moja hubeba kahawa ya wakulima wengi; likipinduka, nyumba nyingi hukosa ada na chakula.

Desturi za barabara nazo hutofautiana. Sisi hushika kushoto. Ukivuka daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, kuingia Rwanda, huna budi kushika kulia. Huko usukani wa lori letu huwa ukingoni mwa barabara, na dereva haoni vema kijacho mbele ya gari analotaka kulipita. Basi asilipite mpaka utingo, aliyeketi upande wa pili, ahakikishe kwamba njia ni nyeupe.

Ndugu madereva, usukani mmeushika ninyi, lakini mzigo ni jasho letu sote.