Nyama ya kusaga: tuipike mpaka ndani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka)

Kule Nyarugusu posho ilikuwa unga na maharagi, nyama ya sikukuu. Sasa wengine munauza sambusa na buleti, na nyumbani watoto wanaombaka nyama ya kusaga kwa sababu ni laini.

Sikieni shida yake. Kwa kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, mikrobu zinakaaka zaidi juu. Moto unazikuta pale. Ukisaga, ya juu inaingia ndani. Na mashini isiyooshwa inachanganya uchafu wa ng'ombe mmoja na nyama ya wengine. Mimi naona heri ununue kipande, ukikatekate mwenyewe na kisu kisafi, karibu na saa ya kupika.

Wengi hatuna frigo. Basi nyama mbichi isikae inje zaidi ya masaa mawili, na joto likipita digri 32, saa moja tu. Nyama ya asubuhi haiwezi kungojea chakula cha mangaribi. Mwenye frigo, siku moja ao mbili.

Kwa kupika, rangi inadanganya. Nyama inaweza kugeuka kahawia na ndani haijafika digri 71 zinazotakiwa. Nani ana kipimajoto jikoni? Hakuna. Basi buleti ziwe ndogo, zitokote ndani ya supu ya tomati, mpaka ukipasua ile kubwa kuliko zote uone mvuke unatoka katikati. Ya sambusa, uive kwanza kwa sufuria, uvunjevunje vibonge, ndipo uifunge. Zile buleti kubwa za kukaanga mbiombio, juu nyeusi na ndani damu, mimi sili.

Limau na pilipili hazichukui nafasi ya moto. Kuosha nyama mbichi pia (najua mutabisha) kunarusha tu mikrobu kwa vyombo. Munawe mikono na sabuni, na kisu cha nyama mbichi kisikate kachumbari.

Mtoto akiharisha damu, apelekwe kituo cha afya siku ileile. Musimununulie kapsuli kwa duka la dawa: kuna kolibasili inayoweza kuharibu figo za watoto wadogo, na dawa ya ovyo inaweza kuongeza hatari. Njiani aendelee kunywa SRO.

Mbabula imekwisha kuwaka. Maji na sabuni viko pale mlangoni, tunawe, tuanze.