Usiku Mgumu Hutayarishwa Mchana

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Kikoneni)

Mada tuliyopewa leo ni hii: tutaishije kando ya msitu wakati mambo yamekuwa magumu, na tutaishije kwa pamoja, bila kila mtu kujitetea peke yake?

Sisi watu wa Kwale msitu hatuusomi vitabuni. Mrima uko hapa, Marenje iko hapa, Dzombo tunauona, na ukielekea kaskazini unafika Shimba Hills. Msitu hutupa kuni, dawa, asali na kivuli. Lakini ni msitu huohuo anaotoka nyani mchana na nguruwe usiku. Kwa wenzetu walio jirani na Shimba Hills, anatoka ndovu. Mwaka wa mvua nzuri tunavumiliana na wanyama hawa. Mwaka wa ukame ndio mtihani.

Mnaikumbuka miaka ya 2020 hadi 2022, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za nchi. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kaunti yetu ya Kwale ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Maji yakikauka porini mnyama hafi kimya. Anafuata maji na anafuata majani mabichi. Na majani mabichi yako wapi? Yako kwenye mihindi yako na mihogo yako.

Sasa neno langu la leo ni moja tu, na mengine yote yatafuata hilo. Usiku mgumu haupitwi kwa ushujaa. Unapitwa kwa kanuni ambazo watu walikubaliana mchana, wakiwa wametulia, wameshiba na hawana hofu. Kikundi kinachongoja ndovu afike ndipo kijadiliane nani atoke, hicho kimeshachelewa.

Hebu tuyaangalie mambo matano.

Kwanza: Shamba la pembeni ni ua wa wote

Tuchukue mfano wa kijiji kisicho na jina. Mama mjane ana ekari moja, na ekari hiyo imegusana na msitu. Nyuma yake wako majirani kumi. Kila usiku mama huyu anakesha na watoto wake, anapiga debe, anawasha moto. Wale kumi wanalala. Wakiulizwa wanasema, "Wanyama hawafiki kwetu." Ni kweli, hawafiki, kwa sababu mama yule anawazuia. Siku akichoka, au akiugua, au akiamua kuacha kulima, shamba la pembeni litakuwa la nani? Litakuwa la jirani wa pili. Kisha la tatu.

Kwa hiyo kumsaidia mwenye shamba la pembeni si sadaka. Ni kulinda ua wako mwenyewe. Wazee wetu walilijua hili. Wamijikenda wana mweria, Wakamba wana mwethya, na mkiuliza nyumbani mtaambiwa kwamba asiyefika kazini alikuwa na la kujibu. Sisi tumeuhifadhi umoja huo kwenye mchezo wa pesa, lakini kwenye kulinda mazao kila mtu amebaki kivyake.

Pili: Zamu yenye kanuni

Dungu moja lililojengwa vizuri, lenye watu wawili macho, ni bora kuliko madungu sita yenye watu sita waliosinzia. Pangeni zamu na iandikwe. Nyumba isiyo na mtu mwenye nguvu itoe kitu kingine: kuni, chai, au betri za tochi. Hakuna nyumba isiyo na cha kutoa.

Nawaomba mkubaliane mambo haya. Mlinzi asiwe mmoja, wawe wawili au zaidi. Mlinzi asiwe mlevi. Mlinzi asiwe mtoto wa shule, maana mtoto aliyekesha Jumatatu hajifunzi kitu Jumanne, na mwaka ukiisha tutasema hana akili. Tena muwe na ishara moja inayojulikana na wote, iwe filimbi au debe: mapigo kadhaa maana yake nguruwe, mapigo mengine maana yake ndovu.

Na hili nalirudia: kazi ya mlinzi ni kuona mapema na kuita wenzake. Si kupigana. Ndovu hafukuzwi na mtu mmoja mwenye tochi na panga. Akifika, watu wakae mbali, wawe pamoja, wapige kelele, waache njia ya yeye kurudi alikotoka, na wapigie simu Shirika la Wanyamapori, yaani KWS. Namba ya kituo iwe kwenye simu ya kila mlinzi kabla jua halijazama.

Vijana wanalielewa hili upesi, maana lipo hata kwenye michezo yao ya simu. Mmoja unaitwa 99 Nights in the Forest, na ulitoka mwaka 2025. Wachezaji kadhaa, labda mmoja yuko Ukunda na mwingine Mombasa, wanaingia katika msitu mmoja na inawapasa kupitisha usiku 99. Mchana wanatafuta kuni na chakula. Usiku wanaulinda moto, kwa sababu mnyama wa kutisha aliye gizani huogopa mwanga. Anayeanguka anaweza kuinuliwa na mwenzake, lakini sharti mwenzake awe karibu. Waulizeni vijana wenu mchezo ukizidi ugumu nani hutangulia kufa. Watawaambia ni yule aliyekwenda peke yake mbali na moto. Tofauti ni moja tu. Kwenye simu ukifa unaanza upya. Shambani hakuna kuanza upya.

Tatu: Silaha isiyo mkuki

Kuna njia za kumzuia ndovu bila kumjeruhi na bila kuvunja sheria. Ya kwanza ni pilipili kali. Husagwa, ikachanganywa na oili chafu ya gari, ikapakwa kwenye kamba na vitambaa vinavyozunguka shamba. Wengine huchanganya pilipili na kinyesi cha ndovu kikavu wakakichoma, na moshi wake ndovu haupendi. Mvua ikinyesha, mpake tena. Hii ndiyo sababu kazi hiyo haifai mtu mmoja.

Ya pili ni nyuki. Wenzetu wa Sagalla, kaunti ya Taita Taveta, ni jirani na Tsavo. Huko wakulima na watafiti wa ndovu wamejaribu kwa miaka mingi ua wa mizinga. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Sehemu kubwa ya ndovu waliokaribia mashamba hayo waligeuka na kurudi. Asali ikawa faida ya juu.

Lakini niseme na upande wa pili, maana mhamasishaji asiyesema upande wa pili anawauzia watu ndoto. Baada ya ukame wa mwaka 2017, nyuki wengi waliihama mizinga hiyo, na ilichukua muda mrefu kurudi. Maana yake ni kwamba ua wa nyuki unaweza kudhoofika katika mwaka uleule mnaouhitaji zaidi. Basi uwe mmoja wa walinzi wenu, asiwe mlinzi wa pekee. Pandeni maua na miti ya nyuki, wekeeni nyuki maji, na zamu ya dungu isife.

Nne: Daftari la kikundi

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha ya sheria hiyo, familia ilipangiwa shilingi milioni 5. Aliyepata ulemavu wa kudumu alipangiwa milioni 3. Na mazao yaliyoharibiwa yana sehemu yake. Madai hupitia kamati ya kaunti.

Lakini sikilizeni kwa makini. Sheria hiyohiyo inasema mwenye mazao hatalipwa ikiwa hakuchukua hatua za kutosha kuyalinda. Tena nyani, adui wetu wa kila siku, hakuwekwa kwenye orodha ya wanaolipiwa mazao. Na fidia yenyewe huchelewa sana. Wapo waliongoja miaka.

Kwa hiyo daftari ni silaha. Andikeni zamu: tarehe na majina ya waliokesha. Andikeni uharibifu: siku gani, mnyama gani, shamba la nani, mistari mingapi ya mahindi. Pigeni picha asubuhi kabla hamjagusa kitu, na ripotini siku hiyohiyo. Daftari hilo ndilo litakalosema kwamba mlichukua hatua. Mtu mmoja akienda ofisini na maneno matupu hurudi na maneno matupu. Kikundi kikienda na daftari, afisa hufungua faili.

Tano: Ghala, na kutotegemea mguu mmoja

Hata mkilinda vizuri, iko siku mtashindwa. Siku hiyo nyumba iliyopoteza shamba itakula nini? Kikundi kiweke akiba ya chakula. Wakati wa mavuno kila mwanachama atoe debe moja, likaushwe vizuri na kutunzwa pamoja. Aliyevamiwa akope bila riba na arudishe msimu ujao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunao mifano hapahapa Kwale ya watu waliotafuta njia kubwa zaidi. Mwaka 1995 wakulima wa Mwaluganje, waliokuwa wakiliwa mazao na ndovu kila mwaka, walifungua hifadhi juu ya ardhi yao wenyewe. Waliunganisha mashamba, wakawaachia ndovu njia, na wakagawana mapato ya wageni kulingana na ardhi ya kila mmoja. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini wageni wa pwani walipotea baada ya fujo za Likoni za mwaka 1997, na wakapotea tena corona ilipoingia mwaka 2020. Mgeni asipokuja, hisa hailishi mtoto.

Kule Gazi na Makongeni, tangu mwaka 2013 watu wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia Mikoko Pamoja na kuuza hewa ukaa. Pesa haikugawanywa mifukoni tu. Ilikwenda kwenye maji na shule, kwa mambo ambayo wanakijiji wenyewe waliyazungumza kwanza. Hapo ndipo nguvu ya mradi ilipo: mwenye kunufaika na msitu ndiye anayekuwa askari wake.

Ndugu zangu, msiige Mwaluganje wala Gazi mzimamzima. Chukueni fundisho. Kikundi kinachotegemea jambo moja, liwe wageni, nyuki au fidia, kinasimama kwa mguu mmoja. Kikundi chenye zamu, daftari, ghala na mradi mdogo, mguu mmoja ukivunjika kinachechemea lakini hakianguki.

Nawaombeni msitawanyike kabla ya kujigawa katika vikundi vidogo. Jibuni maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Katika kijiji chetu, shamba la pembeni ni la nani? Nani alimsaidia msimu uliopita?

2. Ni kanuni gani tatu za zamu ambazo sote tutazikubali, na asiyezifuata atafanywaje?

3. Daftari atalishika nani, na nani atamkagua?

4. Debe la kwanza la ghala litatoka kwa nani, na lini?

Swali la nne lijibiwe kwa jina na tarehe.