Kabla ya kuvaa kombati

(Maneno niliyoyasema Kwihara kwa vijana wetu waliomaliza kidato cha sita. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.)

 

Nilikuja na karatasi ya kuongelea daftari la wapiga kura. Karatasi nimeikunja. Tangu nishuke kwenye bodaboda pale barabarani nimeulizwa swali moja na vijana wanne, kila mmoja ananivuta pembeni na kuongea kwa sauti ya chini: "Kiongozi, mimi nataka jeshi. Nikiwa na kadi ya chama chetu, itakuwaje?" Halafu mama mmoja akaniuliza upande wa pili: mwanangu kapangiwa JKT, je, aende au asiende, maana si ni jeshi la serikali? Basi daftari litasubiri. Leo tuongee hili.

Nianze na la mama, kwa sababu ni jepesi. Mama, aende. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na sheria yake ni Namba 16 ya mwaka 1964. CCM yenyewe imezaliwa 1977. Najua mtaniambia TANU ndiyo mama yake, sawa, lakini sheria ni ya nchi na kambi ni za nchi, zimejengwa kwa kodi ya mkulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge kama ya mtu mwingine yeyote. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994, yakarudishwa 2013. Mwaka ule yaliporudi, wabunge kadhaa walijitosa makambini, Zitto Kabwe na Halima Mdee wakiwemo, na wakati huo wote wawili walikuwa wabunge wa CHADEMA. Yaliyotokea baadaye kati yao na chama ni habari nyingine, tusiifungue hapa. Ninachosema ni kwamba kuingia kambini hakujawahi kumhamisha mtu chama.

Na msidhani kuhoji jambo hili kumeanza na sisi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kuipinga JKT ya lazima, hasa kwa sababu wangefanya kazi kwa miezi mingi wakipewa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu, aliyesoma hapo Tabora School, akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Alikasirika kweli. Lakini siku hiyohiyo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi sikubaliani na kufukuza wanafunzi. Ila nitajieni kiongozi mmoja wa leo aliyekasirikia vijana kisha akaanza kwa kukata wa kwake. Nasubiri. Haya.

Sasa swali lenyewe la wale wanne. Wao hawaulizi habari za mafunzo ya mujibu tu, wanataka JWTZ, wanataka kombati iwe kazi. Jibu lipo kwenye Katiba, ibara ya 147, kifungu kidogo cha tatu: mwanajeshi haruhusiwi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila ana haki ya kupiga kura. Sikilizeni neno hilo "chochote". Limetukataza sisi na limewakataza na wao. Siku ukiapishwa, kadi yetu unairudisha. Usiifiche chini ya godoro. Unaileta ofisini, tunakusainia, tunakupa mkono, basi. Kura yako inabaki yako. Na mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza, hata kama siku moja utapangwa kulinda mkutano wangu.

Kabla ya kuapishwa, je? Kabla ya hapo wewe ni raia. Nimesoma masharti ya matangazo ya jeshi ya miaka hii: uwe Mtanzania wa kuzaliwa, uwe na vyeti, uwe hujaoa wala kuolewa, umri usiozidi miaka 24 kwa wa kidato cha nne na cha sita, uwe na cheti cha JKT, usiwe na rekodi ya jinai. Swali la "ulikuwa chama gani" halimo. Mtu wa ofisi ya kijiji akikwambia hawezi kukuandikia barua ya utambulisho kwa sababu alikuona kwenye mkutano wetu, mwombe kwa adabu akuandikie sababu hiyo kwenye karatasi, na agonge muhuri. Usigombane naye. Mwite mzee mmoja asimame pembeni yako asikie. Karatasi hiyo ikipatikana, ileteni kwetu, tutaihangaikia.

Hofu yenu lakini siidharau, maana ina mizizi, na mzizi mmoja umepita hapahapa. Januari 1964 wanajeshi wa Colito kule Dar es Salaam waliasi, na siku iliyofuata kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Jeshi lile la zamani likavunjwa, na Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Wa kwanza kuchukuliwa walitoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT. Kwa hiyo kwa karibu miaka thelathini jeshi na chama vililala kitanda kimoja. Mwaka 1992 vyama vingi vikaja na sheria ikavitenganisha, lakini mazoea hayafi kwa kupitisha sheria. Leo mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na mtu huyohuyo anaingia kwenye kamati ya siasa ya CCM wilaya. Halafu maombi ya JKT ya kujitolea yanapita wilayani. Ukiwa kijana wa Kwihara mwenye fulana ya chama cha upinzani, lazima tumbo likuume kidogo. Hili tunalipigania kwenye Katiba mpya: anayechuja vijana wa jeshi asiwe mjumbe wa kikao cha chama. Mpaka tulipate, njia ni kuomba kama raia, kwa vyeti vilivyonyooka, bila kujikana na bila kujitangaza.

Hapo nimemaliza la kadi. Sasa naomba mnisikilize zaidi kwenye hili linalofuata, maana kwangu ndilo kubwa, na hakuna aliyeniuliza.

Mnajua mko wapi? Watalii wanaletwa hapa kuona tembe la Livingstone, wanapiga picha, wanaondoka. Kwihara ilikuwa mahali pa kusubiri. Stanley alifika Juni 1871 akakaa karibu miezi mitatu, kwa sababu vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Mwaka uliofuata Livingstone akabaki hapa tangu Machi mpaka Agosti, anasubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Habari za wazungu hao wawili mmeshachoka nazo. Mimi napenda habari za waliobeba mizigo.

Kijana wa Kinyamwezi wa wakati ule alishuka pwani wakati wa kiangazi na mzigo wa ratili kama sabini begani, pembe za ndovu akienda, nguo na shanga akirudi. Kufika pwani ilikuwa sehemu ya kuhesabiwa mwanamume. Lakini angalieni kitu kimoja. Alikuwa anapatana. Nguo ngapi kwa safari, posho kiasi gani kwa siku, tunapumzika wapi. Mwenye msafara akivunja maneno, mizigo inawekwa chini, na wengine wanageuza kurudi nyumbani. Kiburi hicho alikitoa wapi? Alikuwa na shamba. Mvua zikianza, ana jembe linalomsubiri na mama aliyemwekea mbegu. Mtumwa aliyekuwa kwenye njia ileile, asiye na pa kurudi, ndiye aliyebeba bila kuuliza.

Siwaiti askari watumwa, msije mkaninukuu vibaya huko mitandaoni. Nasema kuhusu hali unayokuwa nayo unapofika getini.

Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wameondolewa kwenye makambi ya JKT. Walikuwa vijana wa kujitolea, walishiriki kazi za ujenzi za serikali, na waliamini kwamba mwisho wa kazi ni ajira jeshini. Ajira haikuja, wakagoma, wakataka kuandamana. Mwaka uliofuata walisamehewa. Mnaweza kusema askari hagomi, na ni kweli, jeshi bila utii ni kundi la watu wenye silaha. Ila mimi huwa nawafikiria wale vijana siku ile wanapanda basi kurudi kwao. Miaka imekwenda. Kule nyumbani wenzao wameshakuwa mafundi, wameshamaliza diploma, wameshafungua maduka. Waliitoa miaka yao mizuri kwa sababu ya ahadi ya mdomo, na serikali iliyowaacha wasubiri namna ile haikuwatendea haki. Na JKT yenyewe, kila inapotangaza nafasi za kujitolea, huwa inasema wazi kwamba haitoi ajira na haihusiki kumtafutia mtu ajira. Sentensi hiyo huwa iko chini kabisa ya tangazo. Isomeni kwanza kabla ya zile za juu.

Kwa hiyo nawaomba muingie kambini mkiwa na shamba nyuma. Namaanisha nini? Mnao mwezi huu na ujao, kabla hamjaripoti. Kijiwe cha pale stendi naona kimeshajaa, na wengine nyie ni wa tangu asubuhi mpaka jioni.

Kwanza makaratasi, maana hili ndilo linalowaangusha watoto wa vijijini. Dirisha la mikopo ya elimu ya juu na lile la maombi ya vyuo kwa kawaida hufunguliwa wakati nyie mko kambini mnakimbia mchakamchaka. Maofisa wa Bodi ya Mikopo huwa wanapita kwenye makambi kutoa elimu, ni jambo zuri, lakini hawatakuletea cheti cha kuzaliwa ulichokiacha kwenye sanduku la bibi. Kihakikishe RITA sasa hivi. Namba ya NIDA itafute sasa hivi. Kama baba amefariki, cheti cha kifo kihakikiwe nacho. Piga nakala, mwachie mtu mmoja wa nyumbani anayejua kusoma na asiyepoteza vitu. Hata anayeapa kwamba anataka jeshi tu aombe chuo, kwa sababu jeshi linahitaji pia wauguzi, mafundi na wahandisi, na umri wanaoruhusiwa wenye stashahada na shahada ni mkubwa kidogo kuliko wa kidato cha sita. Kusoma kwanza hakukufungii geti.

Pili, ujuzi wa mkono. VETA ipo Tabora. Chuo cha Reli kipo Tabora, na reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Chuo cha ufugaji nyuki kipo Tabora, na miyombo yetu hii inatoa asali ambayo watu wa Dar wanainunua kwa bei ambayo mzee wako hajawahi kuisikia. Sisemi wote mkafuge nyuki. Nasema mwenye leseni ya udereva, au anayejua kuchomelea vyuma, akirudi kutoka kambini bila ajira anarudi kwenye kazi. Asiye na kitu anarudi kijiweni, na hapo ndipo anapokutana na yule jamaa.

Yule jamaa mnamjua. Ana shemeji makao makuu. Anataka "ya maji" tu kidogo, jina lako litaingia. Jeshi limeshaonya mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi, na bado ng'ombe wanauzwa. Mzazi, ukiona mtu anataka hela ili mwanao aitwe jeshini, hiyo hela kamlipie mtoto VETA, utaona matunda yake kabla ya Krismasi. Na wewe kijana, siku ukilipa umeshaanza utumishi kwa rushwa, halafu utakuja kukaa nasi hapa tuilaani serikali kwa rushwa?

Dada zangu, mmekaa kimya. JKT inawachukua, JWTZ inawachukua. Mliopangiwa mujibu msikubali kuambiwa bakini nyumbani kwa sababu kaka naye anaenda na nauli ni moja. Nauli ya kwenda na kurudi mnajigharamia, hilo linaumiza, na tumelisema na tutaendelea kulisema. Wenye ulemavu unaoonekana huwa wanaelekezwa Ruvu, kwa hiyo kwa mtu wa Tabora ni safari ndefu. Tuwachangie mapema, wasisubiri siku ya mwisho.

Na vifaa, someni orodha vizuri: bukta ya bluu iliyokolea, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba, shuka mbili za bluu, soksi ndefu nyeusi. Fulana isiyo na maandishi, makamanda! Ile yetu yenye nembo acheni nyumbani, dada zenu watazivaa.

Wenye vyeti ambavyo havijahakikiwa, wabaki hapa baada ya kikao. Katibu ana kompyuta na bando, tutaanza na wale wanaotoka mbali. Aliyeniuliza habari za kadi na bado ana swali, asinivute pembeni tena, aulize hapahapa wote tusikie. Haya, nani anaanza?